Chungu cha kujimwagilia kwa ua la Usambara: uzoefu wangu hapa Dar

Kwa mwenye haraka: chungu kinafanya kazi, bei inauma, na kama unaishi Dar kuna suala la mbu ambalo muuzaji hatakwambia.

Nazungumzia vile vyungu viwili vya kauri vinavyoingiana. Cha nje kinang'aa na hakipitishi maji; unakitia maji mpaka nusu. Cha ndani ndicho kinachobeba mmea. Hakina tundu hata moja, ila sehemu yake ya chini imeachwa udongo mtupu, kwa hiyo maji yanapenya taratibu, kama mtungi unavyotoa jasho. Nimekinunua mtandaoni kwa shilingi 38,000. Ua lenyewe, ambalo wauza miche wa barabarani wengine huliita vaileti, halikufika hata robo ya bei hiyo.

Kilichonishawishi ni mama mkwe. Akija kututembelea, hawezi kulipita ua bila kulionea huruma. "Mwanangu, ua lako lina kiu." Nami utamwambia nini mama wa watu? Shida ni kwamba ua hili huuawa na huruma. Porini, kwenye misitu ya Usambara Mashariki upande wa Amani, huota kivulini juu ya miamba, kwenye tabaka jembamba la kuvumwani na majani yaliyooza. Mizizi yake ni mifupi na laini, imezoea maji yanayopita na kwenda zake. Ukiiloweka inaoza, na mizizi ikioza majani yananyong'onyea vilevile kama ya mmea wenye kiu. Hapo mtu anaongeza kikombe kingine cha maji, na habari inaishia hapo.

Tangu niweke chungu hiki, sijaona unyong'onyevu huo. Ukichomeka kidole kwenye udongo unasikia unyevu, si tope. Faida nyingine ni kwamba maji hayagusi majani. Yale majani yana manyoya, na tone la maji baridi likikaa juu yake huacha baka la njano lisilofutika. Sasa mama akija namwomba ajaze chungu cha nje tu, na roho yake inatulia.

Lakini udongo wa bustani usiutie humu, utageuka uji. Mimi nachanganya vumbi la makumbi ya nazi na pumba za mpunga zilizochomwa, mbolea ya mboji kidogo tu.

Kikaratasi cha maelekezo nacho kimenichekesha. Kinasema weka mmea dirisha la kusini na usiruhusu joto lishuke chini ya nyuzi 15. Nyuzi 15, Dar! Ni maelekezo ya Ulaya, na yana historia yake: ofisa wa kikoloni wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka ua hili kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Limeondoka Tanga, limezalishwa huko miaka na miaka, limeturudia na masharti ya baridi. Kwetu dirisha la kusini hupigwa na jua kali mwezi wa Desemba, halafu katikati ya mwaka halioni jua kabisa. Langu liko dirisha la mashariki, na saa tatu asubuhi nashusha pazia jepesi.

Joto la Januari na Februari chungu hakiliwezi. Matumba yalitoka, yakakauka kabla hayajafunguka. Maua yalirudi kipupwe kilipoanza, ya zambarau, na moyo wa njano katikati.

Sasa kasoro. Kwa maji ya kisima, ukingo wa chungu cha ndani hujenga mstari mweupe wa chumvi. Kikonyo cha jani kikilalia pale kinakuwa kahawia, kinalainika, jani linadondoka. Nasugua kwa brashi, na natumia maji ya mvua nikiyapata.

Kubwa zaidi ni mbu. Kati ya vyungu viwili kuna upenyo wa kidole, na ndani yake maji safi yaliyotulia kivulini. Aedes, mbu anayeeneza dengi, anapenda hivyo hivyo, na jiji hili limeshapata mlipuko wa ugonjwa huo 2014 na 2019. Nilipochungulia kwa tochi niliona viluwiluwi vinacheza. Kwa hiyo kila wiki namwaga maji yote na kusugua kuta za ndani, maana mayai yake hung'ang'ania pale juu ya maji. Chungu cha kujimwagilia, lakini Jumamosi yangu ipo palepale.

Pembeni nina mche uliotokana na jani la ua hilihili. Uko kwenye chungu cha plastiki juu ya kopo la aiskrimu lenye mfuniko. Nimetoboa tundu, nikapitisha uzi wa nailoni kama utambi hadi kwenye udongo. Mbu hapenyi, gharama hakuna, na maua yanalingana.

Nyota tatu kati ya tano, na moja ni ya urembo, maana mezani kinapendeza kuliko kopo langu. Ukiamua kununua, usikubali kuuziwa kikubwa: upana wa chungu cha ndani uwe kama theluthi ya upana wa majani. Likikaa kwenye nafasi kubwa, ua hili hujaza mizizi kwanza na maua utayasubiri sana.