Uzoefu Wangu na Reverso, Saa Inayogeuza Uso

Saa ninayoielezea hapa ni Reverso Tribute ya Jaeger-LeCoultre, kampuni ya saa ya Uswisi, ile yenye uso mmoja, akrabu ndogo ya sekunde, kasha la chuma cha pua na mtambo wa kutiwa ufunguo kwa mkono. Nimeivaa muda wa kutosha kuizoea na kuikagua kwa lenzi, na nimefikia maoni ambayo sidhani yatabadilika: sehemu kubwa ya kazi bora katika saa hii imefanywa mahali ambapo mwenye saa hapaoni.

Asili yake ni uwanja wa polo, mchezo wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya farasi. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa India walicheza mchezo huo wakiwa na saa mkononi, na vioo vikawa vinavunjika. César de Trey, mfanyabiashara wa saa, alilifikisha tatizo hilo Uswisi kwa Jacques-David LeCoultre, mkuu wa kiwanda cha saa cha LeCoultre, na tarehe 4 Machi 1931 mhandisi René-Alfred Chauvot akawasilisha mjini Paris ombi la hataza ya saa inayoteleza ndani ya kishikizo chake na kugeuka kabisa, kioo kikaelekea chini na chuma kikabaki juu. Polo imebaki kuwa historia kwa wengi wetu tunaoivaa, lakini umbo limedumu: mstatili wenye pembe zilizonyooka na mistari mitatu iliyochongwa juu na chini ya uso.

Kuigeuza ndiko kunakonifurahisha zaidi. Unasukuma kasha pembeni kwa kidole gumba, linateleza juu ya reli zake, unalipindua, kisha unalirudisha mpaka gololi ndogo inayosukumwa na springi iingie kwenye kishimo chake kwa mlio mfupi na mkavu. Ukilisimamisha kasha katikati ya safari hiyo, utaona kitako cha kishikizo kimepambwa kwa vijiduara vilivyopigwa kimoja kando ya kingine, ilhali kitako hicho hufunikwa karibu siku nzima. Kasha pekee lina vipande zaidi ya 50, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa nafasi kati ya vipande hivyo ikizidi kidogo kasha litachezacheza, na ikipungua kidogo chuma kitakwaruza chuma kila unapoligeuza. Kwenye saa yangu halifanyi lolote kati ya hayo.

Mtambo wake, unaoitwa kaliba 822, ni wa mstatili kama kasha lenyewe, na unene wake haufiki milimita 3. Watengenezaji wengi wakiunda saa ya pembe nne hutia ndani mtambo wa duara na kuziacha kona tupu. Hapa mtambo umeundwa kufuata nyumba yake, jambo ambalo nalithamini kuliko dhahabu au almasi yoyote. Niliwahi kuuona mtambo wa aina hii ukiwa nje, juu ya meza ya fundi saa. Springi kuu inasukuma magurudumu, nanga ndogo inalizuia na kuliachilia gurudumu la mwisho, na gurudumu la mizani linakwenda na kurudi kwa mapigo 21,600 kwa saa, yaani 6 kila sekunde, huku ekseli zake nyembamba zikizunguka ndani ya yakuti ili msuguano usizile. Kingo za vibao vya mtambo zimesawazishwa kwa mshazari na kung'arishwa, na juu yake imepita mistari ya mapambo iitwayo mistari ya Geneva. Kisha vyote hivyo vinafungiwa nyuma ya chuma kisicho na dirisha!

Ukiifahamu historia ya kiwanda, hilo halishangazi. Kiko Le Sentier, katika bonde la Vallée de Joux, ambako theluji iliwafungia wakulima ndani majira yote ya baridi na ufundi wa chuma ukawa kazi ya miezi hiyo. Antoine LeCoultre alifungua karakana yake huko mwaka 1833, na mwaka 1844 akatengeneza chombo cha kupima maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Usahihi wa kasha ninalolisukuma kwa kidole gumba ni urithi wa desturi hiyo.

Katika matumizi ya kila siku, ufunguo ukijaa saa hutembea takriban saa 42, kwa hiyo mimi huitia kila asubuhi, na mkono umekwisha kuujua uzito unaoongezeka springi inapokaribia kujaa. Akrabu hazina rangi ya kung'aa gizani. Uwezo wake wa kuzuia maji umeandikwa kuwa mita 30, ambao kivitendo ni wa kunawa mikono na wala si wa kuogelea. Anayetaka usahihi mtupu ataupata kwenye saa ya betri. Anayependa kitu chembamba kinachoingia chini ya mkono wa shati bila kukwama, na mgongo mtupu wa chuma unaoweza kuchorwa herufi za jina au nembo ya ukoo, atairidhia hii.

Kwa wanaofikiria kununua ya zamani, tazameni kwanza ile mistari mitatu na kingo za kasha. Saa iliyosuguliwa mara nyingi mno hupoteza makali yake, mistari huwa laini kama sabuni iliyotumika, na chuma kilichoondolewa hakirudi. Baada ya hapo ligeuzeni kasha taratibu mara kadhaa na kuhisi kama linayumba kwenye reli. Mikwaruzo ya mgongoni isiwatishe, kwani mgongo huo uliwekwa kupokea mapigo badala ya kioo. Jueni pia kwamba matoleo ya kwanza kabisa ya 1931 yalitumia mitambo iliyonunuliwa kwa Tavannes, kampuni nyingine ya saa, kabla ya kiwanda kuanza kuweka ya kwake mwaka 1933. Kwa hiyo Reverso ya mwanzo yenye mtambo wa Tavannes isidhaniwe kuwa imebadilishwa vyombo vya ndani.