Unaenda kuvua trauti Kenya? Nzi bandia za kununua, kuanzia ya lazima mpaka ya kuacha

Wandugu wa Goma wenye safari ya Kenya, ndoano zetu za tilapia ziacheni nyumbani. Hapa ziwa Kivu samaki trauti hakuna, maji ni ya moto sana kwake, yeye anataka mito ya baridi kama Gura na Chania kule Aberdare ao Ragati ya Mlima Kenya, na kule wanamvua na nzi bandia, njo kusema manyoya yamefungwa ku ndoano kadogo ifanane na mdudu.

Mdudu mwenyewe sana sana ni efemera. Anakaa mu maji miezi mingi akiwa tunutu (mdudu mtoto, mabawa bado), kisha anapanda juu, anaota mabawa, anajivua ngozi tena mara ingine, anataga na kufa, na akishakuwa na mabawa hata kula hali. Kwa hiyo kila nzi ya dukani inaiga hatua moja ya maisha yake, usinunue kwa urembo.

1. Pheasant Tail. Hii mbele ya zote, juu trauti anakula sana chini ya maji na hii inaiga tunutu, hata siku hakuna kinachoruka inafanya kazi. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, aliifunga na manyoya ya mkia wa ndege fezanti na waya nyembamba ya shaba, basi, uzi hakutumia, waya njo inaizamisha. Iangalie karibu: kifua kivimbe kidogo, tumbo jembamba, vimikia vifupi. Ikijaa manyoya kama brosi ya viatu, rudisha. Chukua namba 14, 16 na 18 (namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo) na chukua nyingi, mawe yatakula.

2. Adams, ile ya parashuti (manyoya yamezungushwa bapa ku shina la kabawa, kama mwavuli). Adams ya kwanza, isiyo ya parashuti, Len Halladay aliifunga Michigan kule Amerika mwaka 1922. Ni ya majivu majivu, haiigi mdudu mmoja lakini inafanana na wengi, na kale kabawa keupe ka juu unakaona hata jioni.

3. Ya mdudu anayejitoa ku ngozi, nusu ndani nusu nje. Ukiona mgongo wa samaki unapasua maji lakini mdomo hautoki, funga hii. Wengine wanaiweka ya pili, sawa, ila kuiona ku maji ni shida.

4. Ya mabawa yamelala wazi, mdudu aliyemaliza kutaga. Mbili tu za jioni.

Zile kubwa za njano acha kabisa hata muuzaji akisifu namna gani, zinaiga Ephemera danica, efemera mkubwa wa Ulaya, na mito ya Kenya ina efemera wadogo wa familia ya Baetidae.

Ukifika mtoni pindua jiwe kwanza, uone tunutu aliyeshika chini, kisha pima nzi yako pembeni yake: saizi kwanza, umbo, rangi mwisho. Duka likikosa rangi unayotaka lakini saizi iko, nunua.