Siku ya waendesha pikipiki wanaoanza, Brands Hatch

Kundi la wanaoanza katika uwanja wa mbio wa Brands Hatch, Kent, Uingereza, linastahili gharama yake, hasa kwa sababu wasimamizi hawana mzaha. Asubuhi walieleza bendera kwa utulivu: njano, usimpite mtu; nyekundu, kipindi kimesimamishwa; nyeusi, rudi ukaonane nao. Kwenye kona ya Paddock Hill, ambako njia huteremka ghafla kabla mwendeshaji hajaona vizuri mbele, mtu mmoja alinipita kwa ndani, kiwiko chake kikikaribia usukani wangu. Nilishukuru mno alipopeperushiwa nyeusi. Ukisongwa hivyo, usigeuke nyuma wala usiyumbe ghafla kumpisha, bali shika mstari wako, kisha ingia kwenye eneo la kusimama nje ya njia (pit) umripoti na usubiri njia iwe wazi.