Kitabu cha picha cha tamthilia na mashairi: nilivyokiona mimi

Nilikinunua stendi hapa Tabora, shilingi elfu nane, nikimsubiri mdogo wangu ashuke basi la Mwanza. Nilitaka tu kitu cha kuwabandua wanangu kwenye simu yangu jioni. Wa kwanza yuko darasa la nne, mdogo wake la kwanza. Ndani mna vipande vya tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, kisha mashairi ya kale, kila kipande na picha yake.

Kwenye tamthilia, hela yangu imerudi. Cha Mabepari wa Venisi wamekichagua vizuri: mahakamani, Shylock mkopeshaji ananoa kisu akate ratili ya nyama ya mdeni wake Antonio, na mizani iko tayari. Portia, kajigeuza mwanasheria wa kiume, anamwambia kata, ila damu isidondoke hata tone. Mkubwa akaganda. "Sasa mama, atakataje?" Kinachofuata hakikuchorwa, na hapo ndipo walipopatia; ilibidi tusome. Nilipowaambia aliyeitafsiri ni Mwalimu Nyerere, ikatoka 1969, na kwamba alisoma Tabora School hii hii ya kwetu, hawakuniamini.

Mashairi ndiyo yaliyonikera. Picha imepewa ukurasa, mishororo ikakatwa popote nafasi ilipoisha. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na hizi zao kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane ukwapi (nusu ya kwanza), nane utao (nusu ya pili). Ukiukata kwenye mizani ya tano, kina cha kati kinapotea na mtoto anasoma kama anatangaza mnada. Ubeti mmoja umechapwa kwa wino mweusi juu ya bahari ya buluu iliyokolea. Nimeusogeza kwenye taa, wapi!

Aliyetuokoa ni bibi yao. Miwani hakuwa nayo, akamwambia mkubwa asome polepole, yeye akawa anaunganisha na kughani. Mara tukaanza kusikia vina. "Haya, hesabuni mizani," akasema. Mdogo akafunua kurasa kurudi nyuma, anaitafuta ile ya Shylock. Bibi alicheka mpaka khanga ikamvuka.

Gundi ya mgongo imeshaanza kuachia, nacho hakijamaliza mwezi. Kwa wa darasa la tatu kwenda juu, nunua, ila uwe na penseli. Mimi nimeweka alama kila mizani ya nane kwenye mashairi yote, isipokuwa lile la baharini.