Riwaya za mtumba za mapenzi na mtoto wa siri: ipi ununue

Kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini Mombasa, hizi hazikosekani: mwanamume anarudi mji mdogo alikokulia, anamkuta mpenzi wake wa zamani na mtoto, na mtoto na yeye ni shilingi kwa ya pili. Nyingi ni za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908.

Kabla ya kulipa, kagua mgongo. Kurasa zimegandishwa kwa gundi tu, hazikushonwa, na joto na unyevu wa Pwani huilegeza. Fungua katikati, kisha hakikisha kurasa za mwisho zipo. Hizo ndizo huchomoka upesi, na ndizo tamu.

Halafu piga hesabu. Kama waliachana miaka 6 iliyopita, mtoto hawezi kupungua miaka 5 na miezi mitatu hivi. Ukiambiwa ana minne, mwandishi amelala, kirudishe.

Kinachobeba kitabu ni sababu ya kuficha. Barua iliyozuiwa na mama mkwe inaaminika. Hasira peke yake haitoshi, hasa kwa msomaji wa Kenya: Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hiyo baba anayesamehe kila kitu ndani ya ukurasa mmoja ananiudhi sana. Chagua ile ambayo mtoto mwenyewe anauliza maswali, na anajibiwa.