Mnada wa majengo matupu ya serikali Marekani: mnada safi, kusubiri ndo balaa

Wakuu, nimefuatilia sana hii huduma ya GSA, wakala wa serikali ya Marekani anayesimamia majengo ya umma na kuyauza yakishakuwa hayahitajiki, naipa nyota 2 kati ya 5. Mnada wenyewe wa mtandaoni hauna shida, dau linaonekana, mwenye hela anapanda, aliyeishiwa anakaa pembeni. Shida ni miaka inayoliwa kabla jengo halijafika huko mnadani.

Chukua ule mtambo wa mvuke wa Georgetown pale Washington, West Heating Plant, uliokuwa unapasha joto ofisi za serikali. Ulizimwa mwaka 2000, ukaja kuuzwa 2013! Na hapo katikati hela inatoka tu, zilitajwa zaidi ya dola milioni 3.5 kwa miaka 10, kutunza jengo ambalo halina mtu wala kazi. Mpaka 2012 kamati ya Bunge ikaenda kufanyia kikao humohumo ndani. Halafu ulivyopigwa mnada ukaondoka kwa dola milioni 19.5, kumbe mteja yupo, sasa siku zote hizo kilichokuwa kinasubiriwa ni nini?

Maana watu wanadhani jengo tupu ukishalipiga kufuli umemaliza, wapi, baridi ikija maji yanaganda kwenye mabomba na mabomba yanapasuka kwa hiyo inabidi uliachie joto hata kama hakuna anayelala humo, paa likivuja ukalipuuzia msimu mmoja dari inashuka, mlinzi alipwe, majani yakatwe, na ukisema ubane hela ya matengenezo ndo thamani inaporomoka na mnunuzi anakimbia.

Wengine wanailaumu sheria ya McKinney ya 1987, inayotaka jengo la ziada waangaliziwe kwanza wasio na makazi kabla ya kuuzwa. Hapo mimi sipo nao kabisa. Hiyo sheria ni nzuri, tena jengo likiozea mikononi mwa serikali hata hao wasio na makazi hawaambulii kitu.

Kinachoniuma zaidi ni orodha. Kila idara inajaza yenyewe taarifa za majengo yake, sasa 2012 wakaguzi wa Bunge, GAO, walitembelea sehemu 26 kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo, wakakuta kasoro kwenye sehemu 23. Ishirini na tatu jamani! Utauzaje kitu ambacho hata kwenye daftari lako hujui kama kinatumika au hakitumiki, kizima au kibovu? Na hizo ni kodi za watu, mtu kakatwa kwenye mshahara wake.

Nyota ya tatu naongeza siku wakibandika kwa kila jengo tupu tarehe lilipobaki tupu na hela linayokula kila mwezi, pale juu kabisa, kila mtu aione.