Modeli ya reli ya shamba kutoka jua kali Nakuru: kazi safi ila kipimo ukirudie mara mbili

Wazazi wengi wameniuliza ile reli iko klasi kwangu nilitoa wapi, wacha niandike hapa mara moja.

Mimi ni mwalimu hapa Nakuru na kila nikifika kwa reli watoto wanajua mbili tu, SGR na "ile ya zamani" inayopita hapa tauni, na kwao hiyo ya zamani ndio nyembamba kuliko zote duniani. Kumbe hiyo ni ya mita moja, ndiyo iliyofika Kisumu 1901, na kuna zingine za sentimita 60 hivi za mashamba na machimbo ya mawe, gari zake unaweza kusukuma na mkono. Hata Mombasa zamani watu walikuwa wanabebwa kwa troli za reli ya futi mbili, na anayesukuma ni binadamu, anakimbia nyuma kwa hilo jua. Nikiwaambia wanacheka wanadhani nawabeba.

Basi nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa jua kali, kazi yake ni mageti na jiko za makaa, hajawahi kutengeneza reli lakini hakuogopa. Tukaelewana 6,500, nusu mbele. Nilitaka skeli ya moja kwa ishirini, kwa hivyo reli ya shamba iwe na upana wa milimita 30, halafu vipande viwili vifupi vya kulinganisha, ya mita moja iwe 50 na SGR iwe 72. Na ile ya shamba nikasema isigundishwe kwa mbao, iwe vipande vipande kama ngazi, unachomoa unapeleka kwingine.

Hapo kwa ngazi mzee akaniuliza kwa nini, na hapo ndio stori yenyewe iko. Kuna mkulima Mfaransa anaitwa Paul Decauville, mwaka wa 1875 alikuwa na mavuno ya bitiruti za sukari shambani na mikokoteni inazama kwa matope. Akatengeneza reli nyepesi, chuma mbili zimeshikanishwa na slipa za chuma (zile vipande vya kukingama chini ya reli) tayari tayari, watu wanabeba mabegani wanalaza juu ya udongo, sehemu hiyo ikiisha wanainua wanasonga mbele. Hakuna kuchimba sana, hakuna kokoto, na kona inakata kali vile reli kubwa haiwezi. Mimi nimezaliwa upande wa Muhoroni, nimeona trekta ya miwa imelala kwa matope siku mbili na sisi watoto tunajisaidia na mzigo, kwa hivyo huyo Mfaransa namuelewa kabisa. Mzee akasikiza yote, akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa fundi, si mkulima."

Siku ya kuchukua nikapata kazi imeng'aa, slipa zimechomewa safi huoni hata tone la weldi, vipande vinashikana na kindoano kidogo alichobuni mwenyewe. Tukaweka kigari juu. Kikakaa juu ya chuma kama kuku kwa waya, ukisukuma kinaanguka. Mzee akakasirikia magurudumu, akaanza kutafuta faili ayapunguze, nikamwambia ngoja kwanza mzee wangu tupime. Kumbe alipima katikati ya chuma hii hadi katikati ya ile. Chuma yake ni ya milimita 5, kwa hivyo ndani imebaki 25 badala ya 30, na upana wa reli hupimwa ndani kwa ndani, maana ule ukingo wa gurudumu unashukia huko ndani ndio gari isitoke. Vile vipande vya kulinganisha pia vilikuwa na kosa hilo hilo, sema havina gari juu ndio maana havikupiga kelele. Na kusema ukweli mimi pia niliandika "upana 30" nikaachia hapo.

Alikata yote akarudia bila kuniongeza hata shilingi, ila ikachukua siku tisa na kila nikipiga simu ni "kesho mwalimu". Hapo ndio namtoa alama.

Saa hii kigari kinateleza vizuri, nimeinamisha meza kidogo kishuke chenyewe kama kule Ffestiniog huko Wales, reli ya mawe ya kuezekea ya tangu 1836, mzigo ulikuwa unashuka na mteremko tu na farasi wa kuvuta gari tupu kurudi juu naye anashuka amebebwa kwa behewa lake. Watoto walikataa kuendelea na somo mpaka farasi apatikane, tukamfinyanga kwa udongo.

Ukienda kwake chora, usiandike tu, na uweke mshale ndani kwa ndani. Injini hafanyi, nimeshamuuliza mara mbili.